Nduta Si wa Upande Wetu

Kabiro, Kawangware
11 Machi 1984

Kwa Baba yangu Thuo,

Nimepata barua yako na nimeona umeniandikia kwa Kiswahili, kama mpangaji anayelalamikia choo. Sawa. Kiswahili nami nilikisoma, na nitakujibu kwa hichohicho mpaka utakapokumbuka lugha ya mama yako.

Huku hatujambo. Mvua bado inatuchezea, kabeji zimejikunja, na paka amezalia chini ya kitanda changu bila kuniomba ruhusa. Ndugu yako Githinji na bibi arusi wake wanaendelea vizuri. Watu bado wanaizungumza ile arusi yao, ingawa si kwa sababu ya keki.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Unasema hutakanyaga Kawangware tena mpaka nikuombe msamaha. Baba, msamaha wa nini? Ulicheza mpaka kiatu kimoja kikapotea, ukaendelea na kilichobaki. Ukamkumbatia mzee wa kanisa ambaye hata mke wake hamkumbatii. Wewe ni mwana wa kaka yangu, lakini una jina la baba yangu, kwa hiyo kwa damu mimi ni shangazi yako na kwa jina mimi ni binti yako. Na kila mtu anajua baba yangu alianza vivyo hivyo. Kwanza kucheza, halafu kutolala, halafu akawagawia watu shamba la jirani. Tulipokupa jina lake tulijua tumekupa na mzigo wake. Tangu uzaliwe nimekutazama kama maziwa yaliyo motoni. Nilipokuona unacheza na kiatu kimoja, nilifanya ambalo binti mwema humfanyia babake. Nikasema ufungwe, upelekwe hospitali.

Kamba ilikuwa ya mbuzi, nakubali, lakini ilikuwa imeoshwa.

Na huyo Daktari Muia aliyekufungua akasema huna ugonjwa wowote, mimi simtegemei sana. Ni kijana. Hata ndevu hazijakubaliana naye.

Habari njema ni za mwanangu Nduta. Shuleni wamempa darasa la saba alifundishe. Tangu Februari ana furaha ambayo sijaiona kwa mtu. Anaamka kabla ya jogoo, anaimba, anafagia hadi njia ya watu. Amepaka milango yote ya wapangaji rangi ya waridi, na ya vyoo buluu. Ungemwona ungejua mtoto aliyelelewa vizuri yukoje.

Ni mimi binti yako niliyekutangulia duniani,
Wakarima


Makina, Kibera
1 Aprili 1984

Tata Wakarima,

Shangazi yangu, salamu zako zimefika. Zimetumia wiki mbili kutoka Kabiro hadi hapa, safari ambayo kuku akifukuzwa vizuri anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Naona barua zetu hupelekwa kwanza posta ya mjini zikapumzike.

Mimi sijambo. Cherehani za Makina haziishi kuharibika, na mimi siishi kuzifungua. Wanawake wa hapa wananisifu kwamba mimi ni fundi mtulivu, sina maneno. Hawajui nimetoka wapi. Jirani yangu Aoko, yule mama wa samaki, amepatikana na presha na daktari amemkataza chumvi. Kila jioni tunamsikia akimlilia samaki kama marehemu. Tumuombee.

Kuhusu arusi. Nilicheza kwa sababu Githinji alikuwa anaoa. Watu hucheza arusini, Tata, ndiyo kazi yake. Daktari aliniuliza siku, tarehe na mwezi, nikamjibu. Akakugeukia wewe akakuuliza hayohayo, ukakosea mwezi. Mpaka leo sielewi kwa nini kamba haikuhama.

Unacheka, lakini mimi sikucheka. Tangu nikiwa mtoto, nikilia mnasema ameanza. Nikicheka mnaficha panga. Nilipokuwa wa kwanza darasani mama yangu alikesha akiomba, akidhani akili imezidi kiasi. Nilihamia Kibera ili nipate mahali ninapoweza kupiga chafya bila kufanyiwa mkutano. Kwa hiyo kiapo changu kiko palepale.

Nduta mpe salamu. Nimefurahi kwa milango. Ila niambie kitu kimoja, Tata. Anaamka kabla ya jogoo, lakini analala saa ngapi?

Thuo


Kabiro
6 Mei 1984

Kwa Baba yangu Thuo,

Pokea salamu za watu wote wa hapa, na za paka, ambaye watoto wake wamefumbua macho. Kanisani tumebarikiwa kengele mpya. Inalia kama sufuria, lakini tumeizoea.

Unauliza Nduta analala saa ngapi. Tangu lini mwanamume akauliza mambo ya kulala ya binamu yake? Nduta ni kijana, usingizi ni wa wazee. Ana shughuli nyingi. Ameanzisha kwaya ya wapangaji na anataka waimbe redioni. Wapangaji wanasema hawana sauti, yeye anasema sauti wanayo ila wameificha. Alfajiri anawagongea ile milango ya waridi anawatoa mmoja mmoja.

Kuna jambo dogo la shimo. Nduta alimwagiza Musau, yule fundi Mkamba anayekaa chumba cha mwisho, achimbe bwawa la kuogelea katikati ya ua. Ndiyo, mwaka huu wa ukame. Nilipomuuliza maji yatatoka wapi, alinibusu kwenye paji la uso akasema nisiwe na imani haba. Musau ni mtu wa kutii, amechimba hadi kiunoni. Mimi nimewaambia majirani ni shimo la mbolea.

Na kuna wachumba. Nilikuwa nikimwombea kwa Mungu mchumba mmoja, naona maombi yamepita kipimo. Mmoja anaoka mikate, mwingine anahubiri. Wote wawili walikaribishwa Jumapili moja, wote wakaja na mama zao. Nilikaa pale katikati nikigawa chai nikiwaambia kila upande kwamba ule mwingine ni jamaa wa kanisa. Kweli ilipojulikana waliondoka mbio, yule wa mikate akiacha kitambaa chake, mhubiri bila kuacha kitu.

Nadhani kuna mtu amemwonea kijicho. Mtoto mwenye nyota kama hiyo hawezi kukosa adui. Lakini itapita.

Binti yako,
Wakarima


Makina
20 Mei 1984

Tata,

Salamu kwanza, halafu nakuomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Hayo unayoniandikia kuhusu Nduta nimewahi kuyasikia. Ulinisimulia wewe mwenyewe, nikiwa mdogo, ukiniambia habari za Guka, babu yetu, ambaye mimi ni jina lake. Haya ya kutolala, ya kazi mia kwa siku moja, ya kugawa. Ukitoa Guka na shamba ukaweka Nduta na bwawa, hadithi ni moja.

Mpeleke kwa Daktari Muia. Usiende na kamba.

Thuo


Makina
15 Julai 1984

Tata,

Wiki nane hujanijibu. Umekasirika au posta imekula barua? Kama ni hasira, niandikie matusi, nitafurahi kuyapata. Nduta hajambo?

Thuo


Kabiro
29 Julai 1984

Kwa Baba yangu Thuo,

Sikukasirika. Nilikuwa na kazi. Bati la vyumba vya nyuma liliondoka na upepo. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alivunjika mguu akishuka jukwaani, sasa mimi ndiye ninayeshika nafasi yake, na nakuhakikishia mikutano inakwisha mapema siku hizi. Githinji anatarajia mtoto. Paka amehamia kwa Musau bila hata kuaga. Unga umeanza kupotea madukani. Jana nilisimama foleni nyuma ya mwanamke aliyekuwa na kikapu kikubwa kuliko tumaini lake.

Mimi mwenyewe sijambo, naendelea na dawa yangu ya presha. Yule daktari Mhindi wa Ngara bado ananitoa damu kama kupe kila baada ya miezi michache, na hachoki kuniambia ninywe maji mengi na nisiache chumvi. Miaka kumi na tatu anasema hayohayo. Mtu akikusikia unavyoniuliza habari za wengine atadhani mimi sina mwili.

Nduta yuko Nyeri kwa jamaa za babake, anapumzika.

Umeniuliza habari za kwetu, nimekupa. Niambie za huko.

Wakarima


Makina
19 Agosti 1984

Tata Wakarima,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Huku tuko wazima, Aoko anaanza kuzoea samaki asiye na chumvi, ingawa anakula akiwa amefumba macho.

Musau alikuja hapa juma lililopita na cherehani ya mke wake. Nilimuuliza Nduta anarudi lini kutoka Nyeri. Akashika kofia yake akaangalia chini. Akaniambia, "Buda, mimi nisikudanganye. Nyeri gani? Mimi ndio nilimshika mkono kwa gari tukimpeleka hospitali ya watu wa kichwa. Mama alisema nikiongea nitahama."

Usimfukuze Musau. Ukimfukuza nitamleta akae kwangu, na shimo utalifukia mwenyewe.

Nimekwenda kumwona, Tata. Najua nawe huenda kila Jumamosi ukiwa umejifunga kitambaa kipya ili usitambuliwe, wauguzi wameniambia. Kwa hiyo umeona nilichoona. Nduta anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, mikono haipungi. Mate yanamtoka naye hana habari. Alinitambua. Aliniambia, polepole sana, "Thuo, wamekosea, ni wewe ulipaswa kuwa hapa." Nikacheka, naye akajaribu kucheka, uso ukakataa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko lao, na sikumjali mtu aliyeniona.

Nilizungumza na Daktari Muia. Sikiliza aliyoniambia, maana nilimfanya ayarudie mara mbili. Anasema mtu akiwa amewaka kama Nduta alivyowaka, kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa macho. Moja ni lile la kusikia sauti na mawazo kuvunjikavunjika, na hilo ndilo analotibiwa sasa. La pili ni la kupanda na kushuka. Mtu hupanda mpaka akachimba bwawa, halafu hushuka mpaka akashindwa kuoga. Kati yao hupata nafasi ya kuwa mtu wa kawaida kabisa. Dawa zao si moja. Na kwa kuwa hakuna kipimo cha damu cha kuyatenganisha, kitu kinachomsaidia daktari sana ni kujua ukoo. Ugonjwa huo wa pili hupenda kutembea katika familia.

Anasema alikuuliza. Uliulizwa kama kuna mtu yeyote wa familia ya Nduta aliyewahi kuugua akili, ukasema hakuna, na ukaapa.

Tata, ulinifunga kamba arusini kwa ajili ya Guka. Ulifikaje hospitali ileile, kwa daktari yuleyule, ukasema hakuna mtu?

Nimemwambia habari za Guka. Ameshukuru, lakini anasema babu ni mbali kidogo. Anataka kujua habari za mama. Mwezi ujao wanafikiria kumwanzishia sindano za kila mwezi, na angependa akuone kabla ya hapo.

Thuo


Kabiro
2 Septemba 1984

Thuo,

Leo sikuiti Baba. Baba yangu asingeniandikia maneno haya.

Niliapa na ningeapa tena, kwa kuwa nilisema kweli. Daktari aliniuliza habari za watu wa Nduta. Nduta ni nani? Ni mzaliwa wa kwanza wa kike, kwa hiyo ni jina la mama yake Ishmael, marehemu mume wangu, kama desturi inavyotaka. Yeye ni wa kwao. Ishmael hakumwita Nduta kwa jina hata siku moja, alimwita Mama. Na huyo mama mkwe wangu alifikisha miaka tisini akijua idadi ya mbuzi zake na makosa yangu yote kwa tarehe. Hapakuwa na mtu mwenye akili iliyonyooka kama yeye, Mungu amweke mahali pema, mbali kidogo na nitakapowekwa mimi.

Baba yangu na huyo bibi hata hawakupendana. Watawezaje kuambukizana? Ugonjwa wa baba yangu ulikwenda mahali jina lake lilipokwenda, yaani kwako. Kama haujatokea ni kwa sababu ya maombi yangu, nawe hujawahi kuniambia asante. Nduta si wa upande wetu.

Sasa wewe na huyo kijana asiye na ndevu mnaniambia hayo mambo hayafuati jina, yanafuata damu. Umefikiri unaniambia nini? Kutoka kwa baba yangu mpaka kwa mtoto wangu, damu imepita njia gani? Kuna daraja jingine isipokuwa mimi? Unataka nisimame pale wadini mbele ya wauguzi niseme ni mimi niliyempa. Mtoto niliyemzaa peke yake, nikamfungia mgongoni mpaka ana miaka mitatu kwa kuwa niliogopa hata vumbi. Kwamba nilipokuwa nikimkinga na vumbi nilikuwa nimeshamtilia sumu.

Siwezi, Thuo. Nitukane utakavyo.

Wakarima


Makina
9 Septemba 1984

Tata yangu,

Sina tusi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mara ya mwisho niliacha cherehani ya mtu imefunguliwa mezani nikakaa tu. Lakini nitakuudhi tena, maana sindano hazitungoji tupatane.

Aoko ana presha. Amekatazwa chumvi. Mama Zeinabu wa mtaa wa pili ana presha, amekatazwa chumvi. Mwalimu mmoja anayeniletea cherehani za shule nusura afe kwa presha, na hata njugu za chumvi haruhusiwi kuzitazama. Ni wewe tu, Tata, mgonjwa wa presha wa peke yako katika Nairobi nzima, ambaye daktari anamsihi asiache chumvi, anywe maji mengi, na atolewe damu mara kwa mara.

Nilimuuliza Daktari Muia, bila kutaja jina, ni dawa gani inayokwenda na masharti hayo. Akaniambia, "Mwambie huyo mtu asiyetajwa jina aje na chupa yake."

Nakumbuka mwaka wa sabini na moja. Nilikuwa mvulana, lakini macho nilikuwa nayo. Ulichinja ng'ombe wa Ishmael, ukaalika Kabiro nzima, na hapakuwa na sherehe yoyote. Ulisema tunasherehekea Jumanne. Ulikuwa mrembo siku hiyo kuliko bibi arusi yeyote, na mimi nilikula mpaka nikaugua. Baada ya hapo ukafunga mlango wa chumbani miezi, tukaambiwa ni taifodi. Halafu Ishmael akakupeleka Ngara, ukarudi na presha. Na tangu hapo, Tata, umekuwa mtu imara kuliko sisi wote. Umemzika mume, umejenga vyumba, umeongoza kanisa. Wewe ndiye unayesema mtu mwenye ugonjwa huu hafai kitu?

Kuhusu sumu. Daktari anasema watu wengi wenye ugonjwa huu huzaa watoto, na wengi wa watoto hao hawaupati kamwe. Wengine huupata bila kujua umetoka wapi. Damu hupewi kijiko ukapima. Ulimpa Nduta urefu wako, sauti yako na huo mdomo, na hukuchagua hata kimoja. Anasema pia kwamba mara nyingi, dawa iliyomtuliza mzazi ndiyo humtuliza mtoto. Si lazima, lakini ndiyo ya kujaribu kwanza. Kwa hiyo njia ulimopita ugonjwa ndimo inamoweza kupita dawa. Daraja ni hilohilo, Tata.

Nami nitakuambia neno la aibu. Niliposikia huenda ni Nduta na si mimi, kabla ya kuhuzunika nilikasirika. Miaka yote hii nimelindwa kama yai, kumbe yai lenyewe lilikuwa chumba cha pili na hakuna aliyeliangalia.

Nenda.

Thuo


Kabiro
18 Novemba 1984

Kwa Baba yangu Thuo,

Pokea salamu, kama bado unapokea za kwangu. Huku tunakula ugali wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli. Wapangaji wanasema yalikuwa ya farasi. Mimi nimewaambia farasi hawalipi kodi, kwa hiyo wale wanyamaze. Mtoto wa Githinji amezaliwa, wa kiume, ana kichwa kikubwa kama cha baba mkwe wa Githinji, masikini. Mvua imekuja yote kwa siku moja ikajaza lile shimo, na sasa Kabiro nzima tuna bwawa la kuogelea. Bata wa jirani wamelivamia.

Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka kuandika jambo likiwa limeiva.

Barua yako ilinikuta nikimenya viazi. Niliisoma, nikaichana, nikaiunganisha, nikaisoma tena. Jumatatu yake nikavaa rinda langu la Pasaka nikatia chupa katika mkoba. Wala sikujifunga kitambaa. Nikafika wadini nikamkuta Daktari Muia ana wanafunzi wake, na muuguzi mkuu, na nani mwingine unadhani? Wanawake watatu wa kanisa langu waliokuja kumwona mgonjwa wao. Nikajiambia, Wakarima, rudi, utakuja kesho. Miguu ikakataa kurudi. Nikaiweka chupa mezani kwa kishindo!

Daktari akasoma kibandiko. Akasema taratibu, ili wale wasisikie, "Mama, hii si dawa ya presha."

Nikamwambia kwa sauti yangu ya kanisani, "Najua. Mimi si mjinga. Marehemu mume wangu aliiita presha, nami nikaipenda presha, kwa kuwa mke wa mzee wa kanisa anaruhusiwa kuwa na presha."

Wale wanawake wakaanza kuuangalia ukuta kama vile umeandikwa zaburi.

Basi daktari akatoa karatasi akachora ukoo wetu. Mwanamume humchora kisanduku, mwanamke mviringo, na aliyeugua hujazwa wino. Jina halina kazi pale. Akamjaza wino baba yangu. Wewe uko pembeni kabisa, Baba, kisanduku kitupu cheupe kama yai. Nilikutazama nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Akamjaza Nduta. Katikati ya baba yangu na Nduta kulikuwa na mviringo mmoja mweupe. Akashika kalamu, akanitazama, akasita, maana ana adabu yule kijana. Nikamnyang'anya kalamu nikajijaza mwenyewe, mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimwomba pia anipe ruhusa nimjaze mama mkwe wangu. Akakataa. Akasema lazima kuwe na ushahidi.

Walimpima Nduta damu na figo, wakaanza kumpunguzia zile dawa na kumpa ya chupa yangu kidogo kidogo. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema tutajaribu na tutapima. Wiki mbili za kwanza sikuona lolote, na nilikuwa nimeshatayarisha matusi yako. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa kitandani, mate yamekatika, anasahihisha Kiingereza cha muuguzi. Muuguzi alikuwa amekasirika. Mimi nilipiga magoti palepale kwenye sakafu nikalia, na muuguzi akadhani nalilia Kiingereza chake.

Amerudi nyumbani tangu Jumapili mbili zilizopita. Asubuhi tunameza pamoja, na glasi kubwa ya maji kila mtu. Mmoja wa wale wanawake watatu alikuja hapa Alhamisi na mayai. Akakaa, akasifu mapazia, akakaa tena. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ndogo Daktari Muia huwaona wagonjwa siku gani, kwa ajili ya mtu fulani. Sikumuuliza ni nani. Uvumi kanisani nao upo, nasikia mwenyekiti mwenye mguu uliovunjika ameanza kupona haraka. Apone tu.

Kuhusu msamaha unaoudai. Nimejaribu kuuandika kwa Kiswahili mara nne na unatoka kama tangazo la chifu. Ukija nitakuambia kwa lugha yetu, mlango ukiwa umefungwa, mara moja tu. Usiulete ule uso wako wa ushindi.

Ni mimi,
Wakarima, mviringo mweusi


Thuo, ni mimi Nduta. Mama ametoka kwenda kumfokea Musau kwa ajili ya bata, na amekawia, kwa hiyo nimesoma barua yote na nimeamua kuongeza.

Wewe na mama mmeandikiana mwaka mzima habari zangu kama habari za chumba kinachovuja. Hakuna aliyeniuliza, basi nitasema. Zile siku za rangi ya waridi zilikuwa nzuri. Za baadaye sizitaki tena, nakumbuka nilivyowaogopesha watu, na nakumbuka ile wadi. Dawa nameza. Nina kiu ya ngamia, na mikono inatetemeka kidogo, hata herufi ubaoni zina mawimbi. Watoto wanadhani ni mwandiko wa wasomi na wameanza kuuiga.

Jana redioni kulikuwa na kichekesho, nikacheka. Mama akaacha kumenya, akanitazama. Nikakikata kicheko katikati. Halafu nikaona yeye pia alikuwa amekaribia kucheka akajizuia, kwa sababu mimi nilikuwa namtazama yeye. Tukakaa hivyo na redio yetu, kila mmoja akimngojea mwenzake awe mzima.

Wewe umetazamwa tangu uzaliwe na bado unacheka. Njoo Jumapili, Thuo. Keti katikati yetu, uanze wewe.